Boti inatoa moshi mweusi na haifiki mwendo wake? Fungua elbo ya ekzosi kabla hujagusa pampu ya dizeli

#1 Fundi Ngama (Tanga)

Wakuu, salaam na habari za kazi.

Mwezi huu peke yake nimeitwa kwenye boti tatu zenye ugonjwa mmoja, na wenye boti wote watatu walikuwa wameshamaliza hela kutibu ugonjwa mwingine. Mmoja kabadilisha nozeli zote (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda), wa pili kafungua pampu ya dizeli, wa tatu kaambiwa atafute injini nyingine. Nimeona niandike kwa urefu.

Nazungumzia injini za ndani, zile dizeli zinazokaa ngamani, yaani chini ndani ya boti, na kupozwa kwa maji ya bahari, na hasa kile kipande cha chuma kilichopinda kwa nyuma ambako moshi na maji vinakutana. Mafundi tunakiita elbo. Unakibeba kwa mkono mmoja. Kwa boti nilizozishika mimi, hicho ndicho kinachoua injini kimyakimya, kwa sababu kinaozea ndani huku nje rangi ingali inang'aa.

Aliyenifundisha ni boti moja ya watalii iliyokuwa inakwenda Pemba na kurudi. Injini ya silinda tatu, mwendo wake wa kawaida mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikaanza kupungua kidogo kidogo. Ikawa 2,800, ikawa 2,500, mpaka siku moja tunatoka Mkoani, bandari ya Pemba, kusi imekaza, mkondo unatusukuma kaskazini, injini haivuki 2,100 na nyuma yetu moshi mweusi kama tunachoma matairi. Tuliokolewa na tanga. Kwa miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha chujio za dizeli, nimepeleka nozeli kupimwa, nimezama mwenyewe kukwangua propela. Tulipofika, mzee mmoja fundi akaniuliza swali moja tu: "Elbo umeifungua lini mara ya mwisho?" Sikuwahi.

Tukaifungua siku hiyohiyo. Klampu zilitoka, mpira ukagoma, ukawa wa kuzungushwa kushoto na kulia mpaka ukaachia. Nati nne: mbili zikafunguka, ya tatu ikatoka na stadi yake (ile bolti isiyo na kichwa), ya nne ikakatika. Elbo ilipotoka nikaielekeza juani nichungulie. Tundu la moshi lilitakiwa lipitishe vidole vitatu, na kidole changu cha mwisho hakikupita. Masizi na chumvi vilikuwa vimeshikana vikawa kama ukoko wa wali ulioungua chini ya sufuria, mgumu, umepangana tabaka kwa tabaka. Injini ilikuwa imezibwa pua. Nikachukua bisibisi nianze kukwangua, na pale pale bisibisi ikatumbukia, ikapita ukuta wa chuma mpaka upande wa maji. Sikuwa nimetumia nguvu yoyote.

Hapo ndipo nilipojua kwamba chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa, kikiliwa na maji chumvi hakiachi alama ya wazi. Chuma chenyewe kinaondoka, kinabaki kaboni yake ikiwa na umbo lilelile na unene uleule. Kwa macho ni chuma, lakini unaweza kukichonga kwa kisu cha jikoni.

Kwa wasioijua njia yenyewe. Pampu yenye impela ya mpira (kigurudumu chenye mabawa) inavuta maji ya bahari kupitia koki ya chini, inayapitisha kwenye kipoza, kisha maji yanamwagwa ndani ya elbo yakutane na moshi. Moshi ukitoka kwenye silinda, injini ikiwa na mzigo, unaweza kuwa na joto la nyuzi 400 hadi 600. Maji yanaushusha mpaka mpira wa kawaida wa ekzosi unaweza kuupitisha bila kuungua. Unaingia kwenye sailensa ya maji, unapanda bomba lililopinda juu ya usawa wa bahari, unatokea tezi, yaani nyuma ya boti.

Sasa fikiria elbo inakaa wapi. Upande mmoja moto wa tanuri, upande wa pili maji yenye kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Dizeli ina salfa, na salfa ya moshi ikikutana na maji inazaa tindikali. Injini ikizimwa maji yanashuka, yanaacha utando wa chumvi mbichi juu ya chuma cha moto, hewa inaingia. Kesho unarudia. Anayetembea polepole muda mrefu, au anayewasha injini akiwa ametia nanga ili achaji betri tu, ndiye anayeziba haraka zaidi, kwa kuwa moshi hauna joto la kutosha na masizi yanaganda.

Kuziba kunakupunguzia nguvu, na angalau kunakupa taarifa. Kutoboka ndiko kubaya. Ukuta wa ndani ukitoboka, maji ya bahari yanarudi nyuma injini ikishazimwa, yanaingia kwenye manifodi (kile kipande kinachokusanya moshi wa silinda zote), yanapita kwenye valvu ya ekzosi iliyokaa wazi, yanatua juu ya pistoni. Asubuhi unapiga selfu, maji hayabonyei, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Na kwa nje ulikuwa huoni hata tone.

Mimi naifungua elbo kila mwaka, wakati wa masika, watalii wamepungua na boti zimepwelezwa. Usiku wa kuamkia kazi nazilowesha stadi kwa mafuta ya kupenya, asubuhi naigonga kila nati kichwani kwa nyundo ndogo kabla ya kuweka spana. Ikigoma, naipasha moto taratibu na kuiacha ipoe, lakini baada ya kuhakikisha ngama haina mvuke wala uvujaji wa dizeli, na ndoo ya mchanga ipo karibu. Stadi inayokataa nafunga nati mbili zikabane, nazungusha ya chini. Ukiivunja ndani ya manifodi, kuitoboa kwa keekee na kutengeneza nyuzi upya kutakula siku nzima.

Ikishatoka, kwangua masizi, chungulia kwa tochi, gongagonga kwa nyundo na usikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Kisha ziba mdomo mmoja wa upande wa maji, jaza mafuta ya taa, acha usiku kucha. Yakiwa yamepenya upande wa moshi, usijidanganye kwa gundi ya chuma. Inakwenda kwenye vyuma chakavu.

Kurudisha: uso wa kukutana uwe umenyooka (weka rula ya chuma uone kama mwanga unapita), gasketi mpya kila mara, nyuzi za stadi zipakwe grisi ya nikeli inayostahimili moto, klampu za stenlesi mbili kila mwisho wa mpira. Ukishaiendesha mara ya kwanza na ikapoa, rudi ukakaze tena nati zote. Wengi wanaisahau hiyo ya mwisho na gasketi inaanza kupumua.

Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu aongeze.

#2 Mjimwema (Kigamboni)

Fundi, shukrani sana. Yangu haitoi moshi mweusi, inatoa mweupe kama mvuke wa chai, na maji nyuma yanatoka kwa kukohoa. Mpira wa ekzosi nikiushika siwezi kuvumilia. Hiyo nayo ni elbo?

#3 Fundi Ngama

Mkuu, usiendelee kuiwasha kabla hujamaliza kusoma hapa.

Mpira wa ekzosi injini ikifanya kazi unatakiwa uushike na mkono ukae. Ukishindwa, maji hayatoshi. Huo mweupe ni mvuke wenyewe, maji machache yanachemshwa na moshi. Impela ikifa kabisa, mpira unaanza kunuka kuungua ndani ya dakika chache, na mpira ukitoboka chini ya usawa wa maji, boti inazama.

Anza chini uende juu. Koki ya bahari ipo wazi kweli? Chujio lina mwani? Kisha fungua pampu utoe impela, uhesabu mabawa yake. Likikosekana hata moja, lazima ulitafute mpaka ulipate, maana limekwenda mbele na limekwama kwenye mdomo wa kipoza au kwenye matundu ya elbo. Watu wanaweka impela mpya wakaliacha bawa la zamani ndani, wiki ya pili wanarudi kulia.

Kama vyote hivyo ni vizima, ndipo tunakuja kwenye elbo, upande wa maji. Kale kanjia ambako maji yanamwagwa kanaziba kwa chumvi. Chumvi ya bahari inaanza kujenga gamba maji yakishapanda joto sana, na ndiyo sababu injini zinazopozwa moja kwa moja na maji ya bahari zimewekewa thamostati inayofunguka mapema, kwenye nyuzi 50 na kitu, wakati zenye maji baridi ndani zinaachwa zifike 70 na zaidi. Aliyewahi kuweka thamostati ya gari kwenye injini ya maji chumvi amejipikia gamba mwenyewe.

Na jambo moja ambalo halihitaji pesa: boti ikiwa nzima, kinga maji ya ekzosi kwa ndoo kwenye mwendo wa sailensi (injini ikiunguruma polepole bila gia), hesabu sekunde mpaka ndoo ijae, andika ukutani karibu na injini. Baada ya miezi mitatu rudia. Ndoo ikichelewa, umeshajua kabla ya geji ya joto.

#4 Mjimwema

Nimefungua leo asubuhi. Impela imepoteza mabawa mawili, nimeyakuta yote mawili kwenye mdomo wa kipoza, na kipande cha mfuko wa rambo kimejikunja pembeni yake. Elbo nimeitoa pia kwa kuwa nimeshaanza: tundu la moshi zima, upande wa maji umebaki nusu. Nimelowesha kwenye siki tangu saa nne, linachemka mapovu.

#5 Fundi Ngama

Safi sana. Siki ni polepole lakini haiumizi chuma haraka. Ukitumia tindikali ya kuoshea vyoo, iwe nje penye upepo, glavu mkononi, na isiguse kabisa kitu cha alumini. Mwishoni suuza kwa maji mengi ya bomba.

Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 lakini baharini bado tunaivuta. Kila chujio ninalofungua hapa bandarini lina kipande.

#6 Mtu wa Mtwapa (Kenya)

Salamu kutoka Mtwapa. Mwenye uzi umesema kweli tupu. Nataka niongeze upande wa stenlesi, maana hapa kwetu kwenye boti za uvuvi wa michezo ndipo watu wanapopoteza pesa.

Mtu anaoza elbo ya kusubu, anasema sasa natengeneza ya stenlesi, nimalize mambo. Anakwenda kwa fundi wa mageti. Fundi anachukua bomba la vishikio vya ngazi, jembamba, la stenlesi daraja la 304, anachomelea kwa waya alio nao. Inang'aa kama kioo. Sikumaliza msimu mmoja na niliyotengenezewa hivyo. Ilitoboka matundu kama ya sindano, yamejipanga kando ya mshono kama uzi wa cherehani.

Stenlesi inajilinda kwa ngozi nyembamba ambayo inahitaji hewa. Mahali maji chumvi ya moto yanapotuama bila hewa, chini ya masizi au kwenye ufa wa mshono, ngozi ile inakufa na chuma kinaliwa kwa ndani haraka kuliko chuma cha kawaida. Kwa hiyo ukitaka stenlesi, iwe daraja la 316L, bomba nene, ichomelewe kwa gesi ya agoni na waya wa 316L, mishono ipenye mpaka ndani na isafishwe rangi ile ya buluu inayoachwa na moto. La sivyo nunua ya kiwandani.

Na msije mkatumia viungio vya shaba vya mabomba ya nyumba upande wa moto. Moshi wa dizeli na shaba havipatani.

#7 Fundi Ngama

Ahsante kaka wa Mtwapa, hapo kwenye mishono umenifunza, sikuwa nikiwaambia watu wasafishe ile buluu.

Ila kwenye "la sivyo nunua ya kiwandani" natofautiana nawe kidogo. Wavuvi wengi ninaowahudumia, injini zao ni kuukuu, elbo yake inaagizwa nje na inachukua wiki nyingi kufika. Mtu hawezi kufunga boti muda wote huo wakati watoto wanakula. Nimewatengenezea elbo za bomba nene jeusi la chuma, lile la mvuke, na inafanya kazi. Sharti langu ni moja: tunaandika tarehe juu yake kwa patasi, na ikifika miaka miwili inatoka, iwe imetoboka au haijatoboka.

#8 Mtu wa Mtwapa

Hapo kwa tarehe nakubali. Mbaya ni ile isiyo na tarehe.

#9 Nahodha wa Nungwi

Assalaam alaykum. Sie huku wengi tuna mashine za nje, farasi 40, mbili-stroki. Haina elbo. Haya yanatuhusu?

#10 Fundi Ngama

Waalaykum salaam nahodha. Yanawahusu kwa njia nyingine. Kwenye mashine ya nje, moshi unashuka ndani ya mguu na kutokea kwenye kitovu cha propela, na maji yanapita pembeni mwa njia hiyo ya moshi. Vyote ni alumini. Kwa hiyo adui wenu ni chumvi inayokaukia ndani. Kila mkirudi, mguu uingie kwenye pipa la maji ya kisima au bomba, iungurume dakika 10 hadi 15. Mashine ikikojoa kwa unyonge, yaani yale maji ya kupoza yanayochirizika nje yakipungua, choma kale katundu yanakotokea kwa waya mwembamba kwanza, kisha angalia impela.

Bolti za kifuniko cha moshi ni chuma ndani ya alumini, chumvi inazichomelea pamoja. Zifunguliwe mara moja kwa mwaka, zipakwe grisi, zirudishwe. Usiposhughulika nazo miaka mitano, siku ukihitaji kubadilisha gasketi zitakatika zote. Na zinki, kile kipande cha kinga kinacholiwa badala ya mashine, ikiliwa ikafika nusu, badilisha. Isipakwe rangi hata kidogo.

#11 Ziwani (Mwanza)

Nasoma nikishangaa, huku Ziwa Victoria nimefungua elbo yenye miaka mingi sana nikaikuta na masizi tu, ukuta mzima. Kumbe tunaishi peponi.

#12 Fundi Ngama

Ni kweli mkuu, maji baridi ni rehema. Ila kama boti itatoka bahari kwenda ziwani au kurudi, angalieni kile kipande cha kinga. Maji baridi ni magnesi, maji chumvi ni zinki au alumini. Magnesi ukiileta baharini inayeyuka kama sukari.

#13 Dada wa Mafia

Samahanini, mimi si fundi, napika kwenye boti ya wageni. Nimesoma uzi wote kwa sababu ya jambo moja. Mwezi uliopita safari ya asubuhi, wageni waliokaa chumba cha chini waliumwa vichwa wote, mtoto mmoja akatapika akawa analegea, usingizi usio wa kawaida. Tukasema bahari. Lakini bahari siku ile ilikuwa shwari kama sinia. Walipopanda juu wakapata nafuu. Moshi sikuuona. Inaweza kuwa ekzosi?

#14 Fundi Ngama

Dada yangu, Mungu akubariki kwa kuandika. Ndiyo, na hilo ndilo kubwa kuliko yote tuliyoyasema hapa.

Ndani ya moshi wa injini kuna hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, haiwashi macho. Inashika damu mahali pa hewa safi, mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, analala, na asipotolewa haamki. Dalili zake ni zilezile za kuchafukwa na bahari, ndiyo maana watu wanazipuuza. Injini ya petroli inatoa nyingi sana, dizeli kidogo, lakini chumba kilichofungwa hakihitaji nyingi.

Mwambie nahodha leo asubiri, boti isitoke. Waangalie gasketi kati ya manifodi na elbo: ikivuja unaona masizi meusi yamechora mstari kama wanja kwenye rangi ya injini, au chumvi nyeupe imeganda hapo. Wauguse mpira wote mpaka nyuma, hasa upande wa chini usioonekana, ulipopasuka utavimba au kulainika. Klampu zote zipimwe. Na kuna sababu nyingine hata ekzosi ikiwa nzima: boti ikienda, upepo unajikunja nyuma ya tezi na kurudisha moshi ndani kupitia mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma ukiwa wazi na madirisha ya mbele yamefungwa, chumba kinavuta moshi. Fungueni mbele.

Mtu akilegea tena namna ile: mpeleke juu penye upepo, zimeni injini, na akifika nchi kavu aende hospitali hata kama anasema amepona.

#15 Dada wa Mafia

Nimempelekea nahodha simu asome mwenyewe. Wameifungua. Gasketi ya elbo ilikuwa imekatika upande wa ukutani, upande ambao hakuna anayepafikia. Mstari mweusi upo kama ulivyosema. Wageni wa kesho wamehamishiwa boti nyingine.

#16 Mvuvi Msindaji (Kilwa)

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Jana jioni injini ilivuta hewa kwenye dizeli, nimepiga selfu kama mara 20 bila kuwaka. Leo nimetoa hewa vizuri, napiga selfu inasema "ta" na kusimama. Betri imejaa. Nilazimishe?

#17 Fundi Ngama

USILAZIMISHE. Toa mkono kwenye swichi.

Kila ulipopiga selfu pampu ilikuwa inavuta maji ya bahari na kuyamwaga kwenye ekzosi. Injini haikuwaka, kwa hiyo hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Sailensa imejaa, maji yamepanda, yameingia silinda. Fanya hivi, kwa mpangilio huu: funga koki ya bahari. Toa maji kwenye sailensa kwa kufungua kizibo chake cha chini. Fungua nozeli zote. Zungusha injini kwa mkono, spana kwenye nati ya puli, polepole, uso wako usiwe juu ya matundu. Niambie kinachotoka.

#18 Mvuvi Msindaji

Silinda ya pili imetema maji, mengi, yamefika darini. Ya kwanza na ya tatu ukungu tu. Inazunguka sasa kwa mkono mzunguko mzima bila kukwama.

#19 Fundi Ngama

Alhamdulillah, kama inazunguka mzunguko mzima kwa ulaini, huenda konrodi imepona. Sasa muda ndio adui, maji chumvi yakikaa ndani ya silinda usiku mmoja kutu inashika pete za pistoni. Mimina dizeli kidogo kwenye kila tundu, zungusha, mimina tena. Vuta kijiti cha oili utazame: ikiwa kama chai ya maziwa, mwaga yote, weka mpya ya bei nafuu, utaimwaga tena baada ya dakika chache za kuwaka. Rudia mpaka irudi rangi yake. Rudisha nozeli, koki ibaki imefungwa mpaka sekunde ile injini inaposhika, hapo hapo fungua.

Kuanzia leo, ukipiga selfu mara tatu nne bila kuwaka, funga koki kwanza ndipo uendelee kuhangaika.

#20 Mtu wa Mtwapa

Na ikishawaka, atazame ile valvu ndogo ya juu inayovunja mvuto wa maji, kama ipo. Pale maji yanapomwagwa pakiwa chini ya usawa wa bahari, au juu yake kwa chini ya sentimita 15, lazima iwepo, la sivyo bahari yenyewe inajivuta taratibu mpaka ndani injini ikiwa imezimwa. Inaganda chumvi ikabaki imefunga. Ifunguliwe, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu.

#21 Mvuvi Msindaji

Imewaka saa kumi na nusu jioni. Oili nimebadilisha mara tatu, ya tatu imebaki nyeusi safi. Sauti ni ileile ya zamani, haigongi. Valvu ya juu haikuwepo kabisa, kulikuwa na mpira umeungwa tu na klampu moja. Elbo nimeitoa ili niangalie kama alivyosema fundi: nimeigonga kwa nyundo, upande wa chini haulii, na kisu kimeingia nusu inchi.

#22 Fundi Ngama

Basi usiirudishe hiyo. Nipigie picha uso wa manifodi na rula juu yake, vipimo vya umbali kati ya stadi na stadi, na kipenyo cha mpira kwa ndani. Bomba nene ninalo hapa, ijumaa kuna lori linakuja kusini. Nitaiweka na gasketi mbili, moja ya kufungia na moja ya kukagulia masika ijayo, na tarehe nitaichonga mimi mwenyewe.